Kwa Nini Mleta Habari Humtaja Mtu Tu

Waliokuwapo sebuleni siku ile ni hawa. Mimi, Eliakimu Mrutu. Mpwa wangu Mbazi Kajiru, mwenye nyumba, aliyekaa karibu na mlango wa nje. Zefania Mndeme, jirani, ambaye ni mtani wangu na kwa hiyo hahitaji kualikwa. Tumsifu, binti wa Mbazi, mwanafunzi wa darasa la saba. Chumbani, nyuma ya mlango uliorudishwa bila kufungwa, alikuwapo dada yangu mkubwa, Nakiete binti Mrutu, mama yake Mbazi, amelala. Na Nambike, mke wa Mbazi, akimpangusa midomo kwa kitambaa chenye maji. Hakuwapo mwingine.

Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi, na ingawa jua lilikuwa utosini hatukuona hata migomba ya uani. Tumsifu alikuwa na kazi ya Kiingereza ya kufanyia nyumbani. Mwalimu alikuwa amewapa maneno ya sifa na maneno ya vitendo, wayageuze yawe majina: mtu akiwa mkarimu, ule ukarimu huitwaje, mtu akichagua, kule kuchagua huitwaje. Somo hilo nililisoma katika shule ya kati wakati wa Mwingereza, na majibu yake bado ninayo. Alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, nami nikimjibu.

"Aliye na nguvu, Babu?"

Nikamwambia.

"Anayeogopa?"

Nikamwambia.

"Anayekufa?"

Zefania akaacha kutafuna muwa. Mbazi akageuza kichwa.

"Hilo liruke," akasema.

"Baba, lina alama mbili."

"Nimesema liruke. Mwambie mwalimu wako watu wa Mbaghai hawana neno hilo."

"Wanalo," akasema Zefania. "Ila hawa kina Mrutu waliliweka darini, kisha ngazi ikaliwa na mchwa. Ndiyo maana hawafi, wanazeeka tu mpaka tunachoka kuwasalimia."

Siku nyingine tungecheka. Tumsifu aliutazama mlango wa chumbani, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anaogopa, na niliona kwamba hajui anaogopa nini. Nikaona afadhali ajue. Nikamweleza kama nyanya yetu Nasemba alivyotueleza mimi na Nakiete, na nilisema polepole ili sauti isivuke mlango.

*

Zamani za wahunzi wa kwanza hapakuwa na kitu kilichotembea bila mwenyewe. Palikuwa na chui mkali. Hapakuwa na ukali. Palikuwa na mtu anayemwogopa chui, na chui akishapita mtu yule alirudi kulima, wala hakubaki na kitu kifuani. Palikuwa na mtu mgonjwa, naye alipopona hakusema kwamba kuna kitu kimemtoka. Watu walikufa pia. Alikufa huyu, akafa yule, kama mgomba uliokwisha kuzaa unavyolala chini, nao walilia kwa kuwa wamemkosa mwenzao. Lakini waliobaki hawakukaa wakisubiri kitu. Hapakuwa na kitu cha kusubiri.

Hapa hapa Mbaghai aliishi mhunzi, jina lake Kirumbi mwana wa Mzava. Mkewe aliitwa Nantende. Walikuwa na wana wawili, Kiangi na Sekiete, na sasa walikuwa na mmoja, kwa sababu Kiangi alikufa katika ndiva.

Ndiva ni bwawa la udongo linalokusanya maji juu ya mashamba. Chini ya ukingo wake kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa udongo na vipande vya mgomba. Siku ya kufungulia, mtu mmoja huzama, hung'oa kizibo kwa mikono yake, kisha huogelea pembeni upesi kabla maji hayajamvuta. Siku hizi kuna lango la chuma, lakini wakati ule palikuwa na mikono tu. Nyumba zilipokezana kazi hiyo, na nyumba isiyotoa mtu, mfereji wake ulifungwa mpaka msimu mwingine. Kiangi alizama, akaking'oa kizibo, na maji yakamvuta tunduni. Sekiete alikuwa ukingoni akitazama. Aliuona mkono wa nduguye ukishika jani lililokuwa linaelea, na jani nalo likazama.

Tangu hapo Sekiete hakusogelea maji yanayomzidi magoti. Akawa kijana, akaota ndevu, na zamu ikazunguka mpaka ikarudi nyumbani kwa Kirumbi. Vijana wenzake walimngoja njiani.

"Sekiete, mama yako akikupa maji ya kunywa unayakimbia?"

"Mwacheni, huyu huoga umande."

"Siku ya mvua tutamfunga kamba asitoroke nchi."

Sekiete aliwapita akaenda zake. Nyumbani alimwambia baba yake, "Baba, nikisimama pale miguu yangu hainitii." Nantende akasema mfereji na ufungwe, watakula magimbi ya bondeni mwaka mzima, hapana neno. Lakini Kirumbi alikuwa mhunzi, na mhunzi hapendi kuambiwa kwamba kitu hakitoki.

Maana kazi yao ilikuwa hivi. Walichota mchanga mweusi mtoni, wakauosha, wakautia tanurini pamoja na makaa, na mivukuto ikavuma mpaka chuma kikajikusanya na takataka zikabaki pembeni. Kirumbi alikuwa ameona jambo hilo maisha yake yote. Akawaza kwamba mchanga ule ni mzito kwa sababu una chuma ndani, na mwanawe ni mzito kwa sababu anaogopa.

"Nitakitoa," akamwambia mkewe.

"Utakitoa nini?" akauliza Nantende. "Kuogopa si kitu, baba Kiangi. Ni Sekiete mwenyewe anaogopa. Ukimtoa Sekiete ndani ya Sekiete, utabaki na nani?"

"Hata chuma hakikuwa kitu mpaka babu yangu alipokitoa mchangani."

"Na ukishakitoa utakiweka wapi?"

Kirumbi akaenda kupasua kuni za makaa.

Alimkalisha Sekiete mbele ya tanuri, kinywa chake karibu na mvukuto, akamwambia asimulie siku aliyokufa Kiangi. Sekiete akasimulia, na mvukuto ukaivuta pumzi yake na kuipeleka motoni. Alipomaliza, Kirumbi akamwambia aanze tena. Alisimulia mpaka sauti ikakauka, mpaka akawa anasimulia kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani. Ndipo kitu kikavingirika kutoka tanurini. Hakikuwa na umbo. Kiliwaka, lakini hakikutoa mwanga, na majani makavu yaliyokuwa chini yake hayakuungua.

Wahunzi wana sheria yao: kitokacho motoni hupewa jina kabla hakijapoa. Hili jembe, hiki kisu, huu mkuki. Kisichopewa jina kikapoa hakijatoka. Husemwa kimerudi kwenye mchanga wake. Kirumbi akakitazama kitu kile kikianza kufifia, na pale pale mwanawe akaanza kutetemeka upya. Kirumbi akainama.

"Wewe ni Woga," akasema.

Nacho kikabaki. Sekiete akasimama, akajinyoosha, akacheka. Siku ya zamu yake alitembea mpaka ukingoni akitafuna hindi la kuchoma, akampa kijana aliyekuwa akimcheka sana amshikie, akazama. Kizibo kiling'oka, mfereji ukajaa, naye akatoka, akadai hindi lake. Wanawake walimpigia vigelegele. Nantende hakupiga. Alikuwa ameona jinsi mwanawe alivyopita pale ambapo Kiangi alikufa, na hakupunguza mwendo.

Kirumbi alikuwa amekitia kitu kile katika chungu na kukifunika kwa jiwe. Siku chache baadaye jiwe lilikuwa mahali pake na chungu kilikuwa kitupu.

Mchana ule ule wanawake waliokwenda kuteka maji walisimama njiani wote kwa pamoja. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na chui wala nyoka, wala mtu mgeni.

"Unaogopa nini?" mmoja akamuuliza mwenzake.

"Sijui. Naogopa tu."

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo. Walirudi na vibuyu vitupu. Siku iliyofuata mzee mmoja alikataa kutoka kitandani na hakuweza kusema kwa nini. Watoto wakaanza kulia kabla hawajaangukia kitu. Watu walianza kufunga milango ya nyumba ambazo hazikuwa na milango, wakaegemeza magogo, na nyuma ya magogo hayo wakaogopa zaidi, kwa sababu kitu kile hakikuwa na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha kila mtu.

Nantende akamwambia mumewe, "Nilikuuliza utakiweka wapi."

Ukungu ulishuka, kisha mvua kubwa. Ndiva ikajaa, ukingo ukaanza kutoa maji pembeni. Wanaume wote walisimama mbali, kwa maana ukingo ukilegea hakuna anayeukaribia. Sekiete alishuka kwenda kung'oa kizibo. Walimwita. "Sekiete, rudi! Ukingo unakwenda!" Akawageukia akawapungia mkono, akasema udongo huu huu mbona aliukanyaga jana. Hakuwa jasiri. Jasiri huogopa kisha akaenda. Yeye hakuwa na cha kumwambia arudi. Ukingo ukamwangukia.

Walimfukua akiwa bado anapumua. Kifua kilikuwa kimebonyea upande mmoja na damu ilitoka masikioni. Walimlaza nyumbani kwa baba yake, na kila mtu aliyemwona alijua kwamba Sekiete anakufa. Nantende alikipakata kichwa chake, akamwimbia wimbo wa kumbembelezea mtoto. Alikuwa amemzaa, na alikuwa tayari kumsindikiza.

Kirumbi akawasha tanuri.

Watu walipoona moshi walikimbia wakamzuia mlangoni. Mzee wa ndiva, Mashombo, akamwambia, "Kirumbi, kile cha kwanza bado kinatembea kwetu. Usitoe cha pili."

"Wewe una wana wangapi, Mashombo?"

"Wanne."

"Basi kaa kimya."

Alimsogeza Sekiete mpaka kwenye mvukuto. Safari hii hakuhitaji kusimulia. Alikuwa akipumua ile pumzi ya mwisho mwisho, ya mkoromo, na mvukuto uliivuta yote. Kitu kilitoka upesi kuliko cha kwanza. Nyanya Nasemba hakutueleza kilifanana na nini. Alisema tu kwamba waliokuwapo walitazama miguu yao.

Kilianza kupoa. Kirumbi angekaa kimya kidogo tu, kingerudi kwa mwenyewe, na Sekiete angekufa mikononi mwa mama yake, kama watu walivyokufa siku zote. Kirumbi alijua hivyo. Nantende alimtazama na kutikisa kichwa. Kirumbi akainama, akakipa jina.

Jina hilo mnalijua. Sitalitaja katika nyumba hii leo.

Sekiete akafumbua macho, akaomba maji. Na katika shamba lililo chini ya nyumba ile, mwanamke mmoja aliyeitwa Namtumwa, mwenye afya, aliyekuwa akipalilia huku akizungumza na dada yake, aliangusha jembe katikati ya neno. Hakuwa mgonjwa wala mzee. Hakuwa anakufa. Kitu kilimpitia.

Siku iliyofuata kilikuwa nyumba ya pili. Kisha kwa Mashombo, wana wawili, asubuhi na jioni. Hapo ndipo watu walipoanza kusubiri. Mama alimnyonyesha mtoto akitazama mlango. Mtu akikohoa, wenzake walihama mekoni. Waliogopa usiku na mchana, wakiwa hawaumwi popote, wakiwa wameshiba, na kile kitu cha kwanza kilipoona hivyo kikaungana na cha pili, vikawa vinatembea pamoja kama mtu na mbwa wake. Mpaka leo hamwezi kukitaja kimoja bila kingine kusogea.

Na Sekiete? Hakupona. Kifua kilibaki kimebonyea. Alikuwa ameondolewa kufa, hakuondolewa kuumia. Alikaa ukutani, mfupa mmoja ukitoka ubavuni, akipumua kwa mkoromo ule ule ambao haukufika mwisho. Hakulala, na hakuwa akiogopa, na hilo ndilo lililowatisha waliomtembelea. Aliuliza kwa sauti tulivu, "Mama, hii itakwisha lini?" Nantende akamwambia itakwisha. Kesho yake akauliza tena, kwa sauti ile ile.

Watu walikuja kwa Kirumbi na marungu. Walitaka akirudishe kitu kile tanurini. Aliwasha moto, akavukuta mpaka mikono ikamchubuka, lakini hakuwa na cha kutia. Chuma kikishatoka hakirudi kuwa mchanga. Akaketi chini akajifunika uso kwa ngozi ya mvukuto.

Ndipo Nantende alipotoka. Alipita katikati ya wale watu, akapanda mpaka kwenye ukingo uliobomoka, mahali ambapo kila nyumba ya Mbaghai humsikia mtu anayeita. Alijua jambo moja ambalo mhunzi hakulijua. Kabla ya tanuri lile, mtu akifa, jirani alitumwa kusema: fulani amekufa. Walimtaja mtu, wakataja alichofanya, basi. Kilikuwa chake, naye alikwenda nacho. Akawaza kwamba akimrudishia mwanawe kilicho chake, kitu kile kitapata mwenyewe na kitakoma kutafuta. Na alijua kwamba akishasema hatakuwa na mwana.

Mumewe alimfuata akipiga kelele. "Nantende! Bado anapumua! Unamwita nini mtoto anayepumua?"

Alimngoja amkaribie. Kisha akasema, bila kuinua sauti sana:

"Sekiete mwana wa Kirumbi amekufa."

Hakusema kingine. Hakusema amechukuliwa, hakusema kimekuja, hakutaja kitu chochote kilichokuja. Alimtaja yeye na alichofanya. Na kule nyumbani waliokuwa wamekaa na Sekiete walisikia mkoromo ukikatika. Alikuwa amelaza kichwa ukutani kama mtu aliyefika.

Walimzika siku hiyo. Katika nyumba ya tatu kutoka hapo kulikuwa na msichana aliyekuwa ameanza kupoa miguu; alikaa kitandani akaomba uji. Siku zilizofuata hakuanguka mtu katikati ya neno. Tanuri lilibomolewa, na Kirumbi hakufua tena. Lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka, na watu walikuwa wamekwisha kulisikia, na jina likishasikiwa hutamkwa. Cha Sekiete kilikwenda na Sekiete. Jina lilibaki, na kila anayelitaja hovyo huliwekea miguu ya kutembelea.

Na tangu siku hiyo, katika Mbaghai, mtu anayepeleka habari hiyo hasemi kwamba kitu fulani kimetokea nyumbani kwa fulani, wala hapambi maneno. Husimama mlangoni, humtaja mtu kwa jina lake na jina la baba yake, asikosee, husema alichofanya, hunyamaza. Akikosea jina hurudishwa mpaka alikotoka aanze upya, kwa maana kitu kisichopata mwenyewe hukaa nyumbani kikichagua. Ndiyo sababu sisi ni watu wa majina kamili. Wageni hudhani ni kiburi.

*

Tumsifu alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Kwa hiyo nisijibu, Babu?"

"Utajibu shuleni. Kiingereza hakijui njia ya kuja hapa."

"Kinajua sana," akasema Zefania. "Kililetwa na barabara." Lakini alisema kwa sauti ndogo, na muwa wake ulikuwa bado mkononi, haujamalizwa.

Mbazi alikuwa amesimama. Nadhani alisikia kabla yetu; mimi masikio yangu si yale ya zamani. Sauti ya maji ya kitambaa kukamuliwa katika beseni ilikuwa imekoma. Tumsifu akasogea mpaka akaniegemea begani, akakishika kidole changu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Mlango ukavutwa. Nambike alisimama kizingitini, kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri mkononi mwake. Alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

"Nakiete binti Mrutu amekufa," akasema.